Kahawa ya Phineas wa Mayoni

Kwa miaka ishirini na sita Phineas Wandera alipika sukari. Hakuwa mpishi wa jikoni. Alikuwa mtu wa sufuria kubwa za kiwandani, zile ambazo mtu mzima akisimama ndani yake haonekani hata utosi, ambamo maji ya miwa huchemka na kuchemka mpaka yaanze kushika punje. Kazi yake ilikuwa kujua saa. Alivuta tone la ule uji mzito, akalipaka juu ya kipande cha kioo, akakiinua kwenye mwanga, akajua kama punje zimetosha au zataka dakika tano zaidi. Wahandisi walikuja na vipimo vyao, wakapima na kuandika, kisha wakamgeukia Phineas na kumuuliza yeye anaonaje.

Kiwanda kiliposimama, alirudi kwake Mayoni akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mwili bado una nguvu na hana pa kuzipeleka. Miwa yake mwenyewe ilikuwa shambani imepitiliza umri, imeanza kukauka vichwa. Aliiangalia msimu mmoja, wa pili, na wa tatu akachukua jembe akang'oa visiki vya nusu ekari upande wa kijito. Kisha akapanda kahawa.

Mayoni nzima ilijua kabla ya jua kutua. Jirani yake Osiako alikuja akasimama nje ya ua, akatazama ile miche midogo iliyofunikwa kwa nyasi, akauliza kwa upole kama itakuwa chakula cha ng'ombe. Hakuwa na ubaya. Watu wa huku ni watu wa chai. Kahawa waliyoijua ni ule unga wa mkebeni anaopewa mchungaji akija na wageni kutoka mbali, na hata yeye huimaliza kwa heshima tu.

Risper, mkewe, hakucheka na hakusifu. Alimwambia tu kwamba yeye atabaki na chai yake, kisha akashika ndoo wakanywesha miche pamoja, jioni baada ya jioni, kiangazi chote.

Mwaka wa tatu miti ilizaa. Matawi yaliinama kwa buni nyekundu, na Phineas akaanza kuchuma mwenyewe, moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Alichuma siku nne. Siku ya tano homa ya mapafu ilimwangusha, akalazwa hospitali wiki tatu. Wakati huo mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri bila kukosa. Aliporudi nyumbani, mwembamba, akipumua kwa kuhesabu, alikuta gunia lililojaa buni kavu limeegemezwa ukutani. Risper alikuwa amechuma shamba lote peke yake na kuzikausha buni. Phineas alitia mkono ndani ya gunia akazisikia zikigongana kama kokoto, na siku hiyo machozi yalimtoka.

Alizitwanga kwenye kinu kuondoa maganda, akapepeta, akakaanga kiasi kwenye kikaango cha chapati. Akasaga, akachemsha, akanywa. Ilikuwa chungu, nyeusi, nzito. Aliinywa yote. Lakini hapo ndipo alipogundua jambo lililomnyima raha: hakujua kama ile kahawa ilikuwa nzuri au mbaya. Mtu aliyeweza kuijua sukari kwa tone moja hakuwa na chochote cha kulinganisha na kikombe chake mwenyewe.

Desemba hiyo binti yao Mitchel, muuguzi mjini Kakamega, aliomba likizo awapeleke Nakuru kumwona mtoto wa kaka yake Khaemba, aliyekuwa amezaliwa mwezi mmoja kabla. Alikuwa na gari dogo alilolinunua mkononi mwa daktari aliyehama, na binti yake Shantel, wa miaka tisa, ambaye hakuwa amewahi kuvuka Kapsabet. Phineas alikubali kwenda, ila akatoa sharti moja. Kila mji watakaopita wenye nyumba ya kahawa, wasimame. Mitchel alidhani ni mzaha wa baba yake mpaka asubuhi ya safari alipomwona akipanda mbele na kuweka mkebe wa maziwa ya unga katikati ya miguu. Ndani yake hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na kahawa yake, imekaangwa jana yake.

Mji wa kwanza waliosimama ulikuwa Kapsabet. Kwenye hoteli kando ya barabara waliagiza kahawa, wakaletewa kikombe cha maziwa ya moto na kipakiti cha unga. Phineas alikigeuzageuza kile kipakiti, akakisoma mbele na nyuma, akakirudisha kwenye sahani. Shantel alikula maandazi mawili na kusema hapo ni pazuri sana, warudi tena.

Eldoret ilikuwa tofauti. Mitchel aliwapeleka mahali penye vioo toka chini hadi juu, viti vya ngozi, na mashine ya kahawa iliyong'aa na kupumua mvuke. Phineas alisimama mbele ya mashine ile muda mrefu, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu aliyezoea mitambo. Risper aliomba chai, akaletewa maji ya moto yenye kijifuko kimefungwa kwa uzi. Aliuvuta ule uzi mara mbili, akauachia, akakisukuma kikombe kando kwa namna ambayo mumewe na binti yake waliielewa vizuri.

Mhudumu aliyewashughulikia aliitwa Kipkoech. Alimletea Phineas kahawa tupu, bila maziwa na bila sukari, kwa kuwa mwenyewe aliiomba hivyo. Phineas alinywa akashtuka. Kulikuwa na ukali mwepesi, kama wa zambarau, na nyuma yake ukaja utamu ambao hakujua umetoka wapi. Aliweka kikombe chini akamwita Kipkoech, akamuuliza kwa sauti ya chini, ili asimwaibishe, kama labda ile kahawa imechacha. Kipkoech hakucheka. Alieleza kwamba hakuna kilichotiwa humo, kwamba kahawa ni tunda, na iliyochumwa ikiwa imeiva na kukaushwa vizuri haisahau kuwa ilikuwa tunda. Phineas alirudia kunywa, taratibu, akimaliza funda moja kabla ya kuanza jingine. Alipofika mwisho wa kikombe moyo wake ulikuwa umeanza kusumbuka, maana hakikuwa kinafanana hata kidogo na kile cha nyumbani.

Hata hivyo alitoa mkebe. Alimwomba Kipkoech ampikie kidogo tu, vijiko viwili. Kijana aliunusa, akasita, akasema kwamba kanuni ya mahali pale hairuhusu kitu cha nje kuingia kwenye mashine, na yeye ni mwajiriwa tu. Alimrudishia mkebe kwa mikono miwili.

Nakuru walikaa siku tatu. Mtoto wa Khaemba alikuwa na afya, kichwa kimejaa nywele, na Risper alimpakata tangu asubuhi hadi alipolala. Phineas alimpakata pia, ila mchana aliomba apelekwe mjini. Walijaribu nyumba mbili za kahawa. Katika ya kwanza waliambiwa maneno yale yale ya kanuni. Katika ya pili msichana wa kaunta aliufungua mkebe, akawaita wenzake wawili waje kuona kahawa ya babu, wakacheka, na mmoja akauliza kama hiyo ni ya kunywa au ya kuwashia moto. Mitchel aliwaka. Alisema maneno ambayo muuguzi hatakiwi kuyasema hadharani, akamshika baba yake mkono wakatoka.

Ndani ya gari Phineas alifunika mkebe, akakibana kifuniko kwa kiganja mpaka kikalia.

"Tukirudi," alisema, "twende moja kwa moja nyumbani. Nimeona ya kutosha."

Njia yote ya kurudi hakuomba wasimame. Walipita Timboroa kwenye baridi na ukungu, wakapita Burnt Forest, wakapita Eldoret bila yeye kugeuza shingo. Aliyekuwa hana utulivu sasa ni Mitchel. Alimjua baba yake. Alikuwa amemwona kiwanda kiliposimama, akaona jinsi alivyokaa mwaka mzima kwenye kiti kile kile akitazama barabara ile ile, na hakutaka kumwona tena kwenye kiti hicho. Walipokula chakula Kapsabet, alitoka nje akampigia simu mwenzake wa wodi, akauliza kama kuna mtu Kakamega anayeijua kahawa kweli kweli. Jibu alilopata lilimfanya aone haya: kulikuwa na mahali Lurambi, huko huko Kakamega, mwendo mfupi kutoka nyumba anayokaa, alipokuwa akipita kila siku akidhani ni duka la kutengeneza simu.

Hakumwomba baba yake ruhusa; alipeleka gari huko, wakafika saa kumi alasiri. Chumba kilikuwa kimoja na nusu, kimepakwa rangi ya udongo, na ndani walikuwa wanafunzi watano au sita na vitabu vyao. Hapakuwa na viti vya ngozi. Mwenye mahali, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliitwa Jepchirchir. Alikuja Kakamega kusoma, akamaliza, akaondoka, kisha akarudi. Kwao Nandi walikuwa na kahawa tangu enzi za babu yake, na kabla ya kufungua duka alifanya kazi miaka mitano Nairobi, kazi ya kuonja tu: asubuhi hadi jioni, kijiko mdomoni, akitenga kahawa njema na mbovu.

Mitchel alimweleza mambo yote kwa haraka, akiwa bado amesimama mlangoni. Jepchirchir alimsikiliza, akamtazama mzee aliyekuwa nyuma yake, akanyoosha mkono kuupokea mkebe.

Hakutumia mashine. Alimwaga punje kwenye sahani nyeupe akazitandaza kwa kidole, akatenga nyingine upande. Akasaga kidogo, akaweka kwenye mabakuli matatu madogo, akamwaga maji ya moto, akangoja. Aliinama akanusa. Akavunja povu kwa kijiko, akanusa tena. Kisha akavuta kijiko kimoja mdomoni kwa mlio mkali uliomfanya Shantel atoe macho, akakizungusha, akatema kwenye kopo. Akarudia bakuli la pili, na la tatu.

Phineas alikuwa amekaa wima. Tangu walipoondoka nyumbani hii ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu akifanya kazi anayoielewa. Yeye hakuijua kazi yenyewe, lakini alimjua mtendaji: ule ukimya, yale macho yasiyoangalia kitu, ile subira ya kungoja kitu kiseme chenyewe. Alijua pia kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kusema uongo kuhusu alichokionja hata akitaka.

Jepchirchir aliweka kijiko chini.

"Mzee, nikuambie ukweli, ama nikuambie maneno ya mgeni?"

"Niambie vile ungemwambia baba yako."

"Hii kahawa imekula moshi," alisema. "Imeingia mpaka ndani ya punje. Na kuna mbichi nyingi zimechanganywa na zilizoiva. Mimi siwezi kumuuzia mtu."

Phineas aliangalia yale mabakuli matatu. Alijua huo moshi ni upi. Alikumbuka siku aliporudi kutoka hospitali, akatia mkono guniani akanusa harufu ya jiko la nyumbani kwake, akaipenda, maana ilikuwa harufu ya kurudi kwake. Hakumtazama mkewe. Alikohoa akasema kwamba mambo ya shamba ni mengi, jiko lao ni la kuni, moshi unafika kila mahali, na pengine gunia lenyewe halikuwa safi. Aliongea zaidi ya kawaida yake, sentensi juu ya sentensi, kama mtu anayeziba tundu kwa majani.

Risper alimkatiza.

"Ni mimi," alimwambia Jepchirchir. "Baba Mitchel alikuwa hospitali. Mvua ilikuwa haikatiki, na mimi nilikuwa peke yangu. Nilichuma zote, nyekundu na kijani, juu niliogopa zitaanguka. Nikazianika juu ya jiko vile tunawekanga mahindi. Sikujua kahawa inakunywanga moshi."

Alisema hayo akiwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono yote miwili, uso umeinuka, kama anayetoa ushahidi kanisani. Mitchel hakuwahi kumwona mama yake katika hali hiyo. Wiki tatu zile, asubuhi Risper alichuma, mchana alipanda boda kupeleka uji hospitali, jioni aligeuza buni jikoni macho yakimtoka machozi ya moshi, na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja kwamba alichoka.

"Ungeziacha nje zingeoza," Phineas alisema. Alikuwa amemgeukia kabisa, amempa kisogo Jepchirchir na mabakuli yake. "Zote. Hatungekuwa na kitu cha kuletea huyu mama aonje. Mimi nililala kitandani, wewe ukaokoa shamba."

Risper alitikisa kichwa, si kukubali, si kukataa. Alifuta jicho moja kwa upande wa kiganja.

Jepchirchir alivuta bakuli la tatu, lile lililokuwa limepoa, akaonja tena, na safari hii hakutema.

"Sijamaliza," alisema. "Chini ya moshi kuna kitu. Ikipoa ndiyo kinatokea. Udongo wenu haujawadanganya." Akachukua karatasi ya kufungia mikate, akaigeuza upande mweupe. "Mama, sogea hapa nikuonyeshe."

Alichora kitanda cha miti chenye wavu juu, kimefika kiunoni mwa mtu, ili hewa ipite chini na kuku wasifike. Alieleza kuhusu kuchuma nyekundu peke yake na kurudi baada ya wiki kuchuma zilizofuata, kuhusu kutandaza nyembamba, kugeuza mara kwa mara, kufunika wingu likitokea. Phineas alitikisa kichwa akifuatilia, lakini maswali yalitoka kwa Risper. Matundu ya wavu yawe na ukubwa gani. Umande wa alfajiri ufanyweje. Atajuaje zimekauka, kwa meno au kwa sikio. Mpaka wanaondoka wanafunzi walikuwa wameacha vitabu wanasikiliza, na ile karatasi ikaingia kwenye mkoba wa Risper, imekunjwa mara nne.

Januari walijenga vitanda viwili nyuma ya nyumba. Phineas alikata nguzo, akachimba, akavuta wavu mpaka ukalia kama ngoma. Msimu uliofuata ulipofika, alijikuta amenyang'anywa kazi. Risper alihamishia kiti chake kando ya vitanda. Alichagua buni kwa mkono, akatupa kila iliyokuwa na doa. Wingu likitokea upande wa Mumias alikuwa tayari ameshika karatasi ya nailoni. Alikosa mazoezi ya kwaya Alhamisi tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe, na wenzake walipokuja kumjulia hali wakidhani anaumwa aliwapa kazi ya kugeuza. Siku moja Phineas alichukua reki ageuze yeye. Risper alisimama nyuma yake kidogo, akampa dakika, kisha akaichukua mkononi mwake kwa upole akamwambia aende akaangalie miti.

Desemba walirudi Lurambi, safari hii na mfuko wa kilo nne za buni ambazo hazijakaangwa, naye Jepchirchir akazikaanga mwenyewe siku hiyo hiyo. Alipanga mabakuli yake matatu. Alinusa, akavuta kijiko, akatema, akavuta tena. Alirudia bakuli moja baada ya jingine mpaka Risper akaanza kusema kwa ndani, midomo inacheza, haijulikani ni sala au ni hesabu ya siku za jua.

"Si nzuri kuliko zote nilizoonja," Jepchirchir alisema mwishowe. "Kuna kitanda kimoja kilipata maji, nayasikia. Lakini hii nitaiweka kwa duka langu. Onja, mzee."

Phineas alionja. Haikuwa kama ile ya Eldoret. Ukali wake ulikuwa laini zaidi, wa mapera yaliyoiva karibu kuanguka, na ulikaa mdomoni baada ya kumeza. Alifumba macho. Alipoyafumbua alimpa mkewe kijiko, naye akaonja, akakunja uso kidogo, akasema kwamba moshi hamna.

Jepchirchir aliandika kwa chaki kwenye ubao wake: Kahawa ya Mayoni, Matungu. Ilikaa ubaoni siku kumi na moja ikaisha. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Koyonzo, si mbali na Mayoni, alipiga picha ule ubao akaituma nyumbani kwao, na picha ikatembea simu kwa simu mpaka ikafika kwa Osiako. Osiako alikuja jioni, akaongea kwanza juu ya ng'ombe wake, juu ya barabara, juu ya bei ya mbolea, na alipokuwa tayari amesimama kuaga akauliza kama mbegu za kahawa hupandwa au hununuliwa zimeota. Phineas alimwonyesha miche arobaini aliyokuwa ameiotesha kivulini, akamwambia achukue kumi.

Lakini aliyeitwa huku na huku hakuwa Phineas. Akina mama wa kanisa la Matungu, ambao wachache wao walikuwa na miti ya kahawa iliyosahaulika nyuma ya migomba tangu wakati wa baba zao, walituma ujumbe kwamba wanamtaka Mama Mitchel awafundishe kukausha. Risper alisema hajui kufundisha, alisoma mpaka darasa la saba tu. Phineas alimjibu kwamba wahandisi waliomfundisha yeye kazi hawakuwa wamewahi kupika hata kilo moja ya sukari. Risper alikwenda mara ya kwanza akiwa amevaa nguo ya Jumapili. Mara ya pili alivaa nguo za shamba na viatu vya mpira.

Jumatatu moja alirudi jua likiwa bado juu, vumbi mpaka magotini, akamkuta mumewe ameshapika obusuma, yaani ugali, na kuufunika. Alinawa, akakaa, na hata kabla ya kumega akaanza kueleza: vitanda vinane vimejengwa, viwili viko chini mno, mbwa atalala juu yake, mama mmoja kutoka upande wa Harambee amechuma nyekundu tupu, safi, hata moja ya kijani hamna, wavu umekwisha dukani Mumias, itabidi Mitchel awatafutie Kakamega. Phineas alimsikiliza, akamsogezea mboga.

"Nimekuwa nikifikiria ile miwa iliyobaki kule juu," alisema baadaye.

"Hata mimi," Risper alisema. "Kesho tuanze na visiki vya upande wa barabara, udongo ukiwa bado laini."

Na kesho yake, umande haujakauka, majirani waliokuwa wakielekea sokoni waliwaona wote wawili kule juu wameinama, kila mmoja na jembe lake, wakitoka pande mbili tofauti na kukutana katikati.